Muulize Karani wa Vikao: Nani mwenye haki ya kufunga mjadala?

Ukurasa huu hujibu maswali ya wasomaji kuhusu vikao, kanuni na mihutasari. Anayejibu ni karani wa vikao mstaafu, mkazi wa Ngamiani, Tanga.

Barua nyingi za safari hii zimeandikwa na watu waliokasirika, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: watu wakiwa bado wanataka kusema, ni nani mwenye ruhusa ya kuwaambia basi? Nimefurahi kuulizwa. Nimekaa pembeni ya meza ya mwenyekiti sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, daftari mkononi, na hakuna jambo la vikao linalonigusa kama hili.

*

*Shikamoo Bibi. Mimi ni dereva wa bajaji, nakaa Makorora. Tulikuwa kijiweni tunatazama Bunge la bajeti. Mbunge mmoja akashika shilingi ya waziri kwa ajili ya maji, wakavutana weee, mara mwenyekiti akasema muda umekwisha, tunaingia gilotini. Kuanzia hapo Katibu anasoma mafungu mbio mbio, wabunge "ndiyo", "ndiyo", na kabla kahawa haijapoa mabilioni yamepita. Wenzangu wanasema huo ni wizi wa mchana. Wewe unasemaje?*

Marahaba mwanangu. Si wizi. Ile ni kanuni, na Bunge lina mamlaka ya kujitungia Kanuni za Kudumu kwa ibara ya 89 ya Katiba. Ila nakuelewa kwa nini ilikuuma.

Wizara ikimaliza kujadiliwa kwa jumla, Bunge hugeuka kuwa Kamati ya Matumizi, na Spika anaitwa Mwenyekiti. Hapo vifungu vinapitiwa kimoja kimoja. Kwenye kifungu chenye mshahara wa waziri ndiko wabunge wanakodai ufafanuzi wa kisera. Mbunge asiporidhika anatoa hoja ya kuondoa shilingi kwenye mshahara huo. Shilingi yenyewe si kitu; ni namna ya kumlazimisha waziri asimame tena na ya kuwapa wengine nafasi ya kuchangia. Akiridhika anairudisha, asiporidhika wanapiga kura. Na saa inakwenda.

Muda uliopangwa ukiisha, ndipo gilotini. Jina limetoka kwenye ile mashine ya Wafaransa ya kukatia vichwa, na waliolipeleka bungeni ni Waingereza: mwaka 1887 serikali yao ilipanga saa maalumu ya kumaliza muswada mkali wa kudhibiti uhalifu nchini Ireland, na saa ilipofika, kila kilichobaki kiliulizwa na kupigiwa kura bila neno zaidi. Kumbuka hilo la kura. Gilotini hukata maneno, kura haikati. Kila fungu bado linaulizwa, na mbunge bado anaweza kusema siyo.

Bila kitu kama hicho, bajeti isingefika. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, wizara ni nyingi, na Bunge likikataa bajeti Katiba inampa Rais uwezo wa kulivunja. Hapo siwezi kuwalaumu.

Ninacholaumu kiko kabla ya gilotini. Sikiliza mchango wa kawaida wa mbunge: anamshukuru Mwenyezi Mungu, sawa, anampongeza Rais, anampongeza waziri, naibu waziri, katibu mkuu, watendaji wote wa wizara, anawashukuru wapiga kura, anaishukuru familia. Kengele ya kwanza inalia, ndiyo kwanza anafika jimboni kwake. Dakika hizo zote zinatoka kwenye chungu kimoja na dakika za mafungu. Halafu tazama mpangilio: matumizi ya kawaida yanatangulia, miradi ya maendeleo inafuata. Kwa hiyo kinachoangukia kwenye gilotini mara nyingi ni kisima, barabara, zahanati. Posho na mafuta ya magari vimeshapita wakati watu wana nguvu ya kuuliza. Hilo ndilo la kumwambia mbunge wenu akija Makorora. Mwambieni apongeze kwa sentensi moja, shilingi aishike mapema.

*

*Shikamoo Bibi. Ni mwanafunzi wa kidato cha tano hapa Tanga, napenda sana midahalo. Mwalimu alituambia Marekani seneta anaweza kuongea usiku kucha kuzuia sheria. Ni kweli? Wanamzuiaje? Na mbona sisi tunapewa dakika tatu tu?*

Marahaba mjukuu wangu. Ni kweli. Bunge lao lina mabaraza mawili, Seneti na Baraza la Wawakilishi. Seneti ina wajumbe 100, na seneta akishapewa nafasi hakatwi na saa. Mwaka 1957 Strom Thurmond wa South Carolina alisimama akasema saa 24 na dakika 18 kupinga muswada wa haki za raia. Muswada ukapita vilevile. Rekodi yake ilidumu mpaka Aprili 2025, Cory Booker wa New Jersey alipofikisha saa 25 na dakika 5, ingawa yeye alikuwa anapinga mwenendo wa serikali kwa jumla, hazuii muswada fulani. Kuzuia uamuzi kwa maneno namna hiyo wanakuita filibasta.

Haki hiyo haikutungwa na mtu. Mwaka 1805 Aaron Burr, makamu wa Rais anayeondoka, aliwaambia kanuni zao zina vitu visivyo na kazi. Mwaka uliofuata waliposafisha kanuni wakaifuta ile hoja ya kutaka jambo liamuliwe sasa hivi, kwa kuwa waliona haitumiki. Baraza la Wawakilishi liliibakiza, na tangu 1811 linaitumia kukata mjadala kwa wingi wa kawaida, yaani zaidi ya nusu ya kura. Seneti ikabaki bila mlango wa kutokea, na haikujua mpaka watu walipoanza kulitumia pengo lile.

Walikaa hivyo zaidi ya miaka 100. Machi 1917 kikundi kidogo cha maseneta kilizuia muswada wa Rais Woodrow Wilson wa kuzipa silaha meli za biashara, vita vya kwanza vya dunia vikiwa vimepamba moto. Wilson alikasirika sana, na siku chache baadaye Seneti ikapitisha kanuni: theluthi mbili ya waliopo wakikubali, mjadala unafungwa. Mwaka 1975 wakaishusha hadi tatu kwa tano ya Seneti nzima, yaani kura 60. Maseneta 16 wanatia saini ombi, kura inapigwa baadaye, na ikipita bado kuna hadi saa 30 za mwisho kabla ya kuamua. Kwa uteuzi wa maofisa na majaji wamelegeza tangu 2013, na tangu 2017 hata majaji wa Mahakama ya Juu wanapita kwa wingi wa kawaida.

Sasa nikueleze kwa nini suala hili si mchezo. Miswada ya kuzuia watu weusi wasiuawe na makundi ya wahuni ilifika Seneti mwaka 1922, ikafika tena 1938, na mara zote mbili iliuawa kwa maneno. Waliosema walikuwa wachache, na walikuwa wanatetea dhuluma. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba kuzungumza bila kikomo kunamlinda mnyonge, muulize mnyonge yupi.

Mwaka 1964 muswada wa haki za raia ulikaa mezani siku 60 za kikao. Usiku wa kuamkia Juni 10 Robert Byrd alisema zaidi ya saa 14. Asubuhi ikaitwa kura ya kufunga mjadala; zilihitajika 67. Alikuwapo seneta mmoja wa California, Clair Engle, mgonjwa wa uvimbe kwenye ubongo, ameletwa kwa kiti cha magurudumu na hawezi kutamka neno. Karani akaita jina lake. Kimya. Engle akauinua mkono wake polepole akaonyesha jicho. Kwa Kiingereza jicho na ile ndiyo ya bungeni hutamkwa sawasawa, na karani akaandika ndiyo. Mimi kila nikikumbuka kisa hiki namfikiria yule karani aliyekuwa na kalamu mkononi, akalisubiri jibu la mgonjwa bila kuruka jina lake. Kura zikawa 71 kwa 29. Engle alifariki mwisho wa mwezi uliofuata, sheria ikiwa imeshatiwa saini na Rais Lyndon Johnson tarehe 2 Julai.

Dakika tatu za mwalimu wako zinatosha. Ukiona hazitoshi, punguza salamu kwa waamuzi.

*

*Bi Mkubwa, salaam. Mimi mzee wa Chumbageni, nimekuwa mjumbe wa vikao vingi. Naona tunawadekeza watu. Spika ni Spika, mwenyekiti ni mwenyekiti. Akiona maneno yamezidi, akate, watu wakalale. Kwani kuna ubaya gani?*

Salaam kaka yangu. Ubaya upo, na Waingereza waliuona kwa macho yao.

Januari 1881 serikali ya waziri mkuu Gladstone ilileta muswada wa kukamata watu Ireland bila kuwafikisha mahakamani. Wabunge wa Ireland, kiongozi wao Charles Stewart Parnell, hawakuwa na kura za kuushinda. Walikuwa na ndimi. Kikao kilianza Jumatatu tarehe 31 mchana, kikapita usiku, kikapita Jumanne nzima, kikapita usiku mwingine, wabunge wakipokezana kulala na kuamka. Jumatano asubuhi, saa 3 hivi, Spika Henry Brand akarudi kitini akiwa na karatasi mkononi, hakumwita msemaji aliyefuata, akasoma kwamba heshima ya Bunge iko hatarini na kwamba anaiuliza hoja papo hapo. Saa 41 na nusu zikaishia hapo. Wabunge wa Ireland wakapiga kelele kudai haki zao, kisha wakatoka nje wote pamoja.

Brand hakuwa na kanuni hata moja ya kumruhusu. Wengi walimshukuru, mimi mwenyewe nakiri hali ilikuwa ngumu, lakini Bunge lile lile lililompongeza halikutaka jambo lile libaki mikononi mwa mtu mmoja. Mwaka 1882 likaweka kanuni. Na ukiitazama ilivyo leo utaona hofu yao ilikuwa juu ya nini: mbunge ndiye anayeomba hoja iamuliwe sasa, Spika anaweza kukataa akiona ombi hilo linakanyaga haki za wachache, na akikubali, ni lazima wabunge wasiopungua 100 wapige kura ya ndiyo. Spika hafungi. Spika analinda mlango wakati wengine wanauliza kama ufungwe. Jirani zetu Kenya wana sura yao ya jambo hilo hilo: mbunge anaomba mtoa hoja aitwe ajibu, na Spika ana uwezo wa kulikataa ombi kama watu hawajasikika.

Ukienda nyuma zaidi ni vilevile. Cato, seneta wa Roma ya kale, alikuwa akisema mpaka jua linazama, kwa kuwa Seneti yao haikuamua gizani. Mwaka 59 kabla ya Kristo Julius Caesar, akiwa konsuli, yaani kiongozi wa juu wa serikali, alichoka akaamuru apelekwe gerezani. Maseneta wakainuka wakamfuata Cato, na Caesar akalazimika kumwachia. Nguvu za kiti zinaisha pale watu wanapoamua kutoka.

Kaka yangu, mimi nimewasikia wenyeviti wetu wakifunga mjadala. Hawasemi nafunga. Wanasema: "Nadhani tumeelewana jamani, tuendelee." Sauti ya upole kabisa. Mkono mmoja tayari unafungua ukurasa wa ajenda inayofuata, na yule mjumbe wa mwisho wa meza aliyenyoosha kidole tangu mwanzo anakishusha taratibu kana kwamba alikuwa anajikuna. Mimi karani natakiwa kuandika: "Baada ya majadiliano ya kina, kikao kiliazimia." Atakayesoma muhtasari ule mwaka kesho hatajua kwamba kidole kilikuwapo. Ndiyo maana nilianza kuandika pembeni ya daftari saa ya kuanza mjadala, saa ya kuisha, na majina ya walioomba nafasi wasipewe. Hakuna aliyeniagiza, na hakuna aliyeweza kunikataza, maana yote yalikuwa kweli.

*

*Asalaam aleikum dada. Kikundi chetu ni cha akina mama wauza samaki, Sahare. Tunabishana kununua friza la pamoja. Wengi wanataka, wachache wanaogopa umeme na deni. Mmoja wetu, mtu mzima, akishika neno haliachii, wengine wanapiga kelele "tupige kura, tupige kura!" Mimi ndiye mwenyekiti, nachanganyikiwa. Nifanyeje?*

Waaleikum salaam mdogo wangu. Kwanza, kelele si hoja. Anayetaka mjadala ufungwe anyooshe mkono, umtambue kwa jina, asimame aseme: "Natoa hoja mjadala ufungwe." Mwingine aunge mkono. Hapo una kitu cha kuuliza, na kabla hujakiuliza jiulize wewe: wale wanaoogopa deni wamesema? Wote? Kama kuna ambaye hajafungua mdomo, una haki ya kusema bado, na uwaeleze kwa nini.

Ukiridhika, uliza kura ya kufunga peke yake. Hili ndilo wengi wanaloliruka. Mtu anaweza kulitaka friza na bado akataka kusikia zaidi habari ya luku. Mwingine halitaki kabisa na amechoka, anataka kura sasa. Ukichanganya maswali mawili katika kura moja, unawalazimisha watu hao wadanganye. Kwa kikundi kidogo nakushauri mdai theluthi mbili ndipo mjadala ufungwe, kama vyama vingi vya hiari huko Marekani wanavyofanya kwenye vikao vyao. Mkiwa 30 ukumbini na wote wanapiga kura, ni kura 20. Zikipungua, mnaendelea kuzungumza. Zikitimia, mpe aliyeleta wazo la friza nafasi ya kuhitimisha, kisha upige kura ya friza lenyewe, na hiyo wingi wa kawaida unatosha kama katiba yenu haisemi vingine.

Bibi mtu mzima usimtungie kanuni ya peke yake. Mkianza kikao, kabla jina la friza halijatajwa, kubalianeni dakika kwa kila msemaji na kwamba hakuna anayerudia mara ya pili kabla wote wanaotaka hawajasema mara ya kwanza. Mtu mzima aliyewekewa mpaka pamoja na wenzake hataona kaonewa. Akikatwa yeye tu, atakwenda kulisemea sokoni, na friza litanunuliwa likiwa na fitina ndani yake.

Na katibu wenu aandike hivi, asifupishe: "Saa 10:40 jioni mjumbe alitoa hoja mjadala ufungwe, ikaungwa mkono. Waliokubali 22, waliokataa 8. Mtoa hoja alihitimisha. Hoja ya kununua friza ilipigiwa kura." Mkibishana baada ya mwaka, mtafungua daftari.

*

*Bibi, swali fupi kutoka Pangani. Kwenye mkutano wa mtaa wetu mwenyekiti alisema suala la kiwanja cha mpira "limeahirishwa". Mikutano imepita, kimya. Kuahirisha na kufunga si kitu kimoja?*

Si kitu kimoja hata kidogo. Mjadala uliofungwa unaishia kwenye kura siku ile ile. Ulioahirishwa haujaamuliwa, una haki ya kurudi, na mahali pake pa kurudi ni kwenye yatokanayo, yaani mambo yaliyobaki kutoka mkutano uliopita, ya mkutano unaofuata. Shida ni kwamba wengi huahirisha bila kutaja tarehe, na jambo lisilo na tarehe halina wa kulikumbusha. Bungeni nako ndivyo maswali mengi mazito yanavyozikwa bila mtu kupiga kura ya siyo.

Mkutano ujao nenda mapema, omba uone muhtasari wa siku ile. Kama umeandikwa "limeahirishwa", subiri yatokanayo, simama, taja namba ya ajenda na uombe tarehe. Kama halimo kabisa, usisubiri yatokanayo: simama wakati wa kuthibitisha muhtasari, kabla mwenyekiti hajatia saini, udai liandikwe. Chukua na mwenzako mmoja wa kukuunga mkono.